Judo ya wanawake: dakika ni zilezile

Kwenye kumbi za mazoezi za Dar es Salaam bado kuna wanaoamini kwamba pambano la judo la wanawake ni fupi na sheria zake ni laini. Imani hii ina chimbuko: hadi mwaka 2016, katika mashindano ya kimataifa, wanaume walipigana dakika 5 na wanawake 4. Tangu 2017 wote ni dakika 4. Zikiisha bila mshindi, muda wa nyongeza hauna kikomo. Huendelea mpaka mmoja apate pointi au mwenzake afikishe adhabu ya tatu.

Ippon, alama kamili inayomaliza pambano papo hapo, nayo ni ileile: umtupe mpinzani chali kwa nguvu, kasi na udhibiti, au umbane chini kwa sekunde 20. Kosa linalowaponza wengi, wake kwa waume, ni kuachia mkono wa judogi (vazi la judo) ya mpinzani mapema. Ukiuachia, mpinzani hujigeuza hewani na kutua kwa tumbo, na hupati kitu. Ushikilie, uuvute hadi mgongo wake uguse mkeka.

Tofauti halisi ni chache: viwango vya uzito (wanawake huanzia kilo 48, wanaume 60) na fulana nyeupe ambayo wanawake huvaa ndani ya judogi. Na kwenye timu mchanganyiko, zilizoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, hupigana wanawake 3 na wanaume 3. Ushindi wa kila mmoja huhesabiwa sawa.