Hadithi ya kutisha ya kijijini: simba mtu kama mfano

Makundi ya simulizi ya WhatsApp na Facebook siku hizi yamejaa hadithi za kutisha: jini mahaba, mke mchawi, jumba la kifahari Mbezi lenye chumba kisichofunguliwa. Zinakuja vipande vipande, na ukishanogewa unaambiwa utume hela kidogo upate zilizobaki. Sizibezi, nimezisoma nyingi nikisubiri gari stendi ya Lindi. Lakini iko aina nyingine ambayo nje inapendwa sana kwa miaka ya karibuni, na malighafi yake sisi watu wa Kusini tunayo mlangoni. Ni hadithi ya kutisha ya kijijini.

Katika hadithi ya namna hii, kinachotisha hasa ni makubaliano ya watu wa mahali. Anafika mgeni, tuseme mwalimu mpya, bwana shamba au mkwe, na anakuta kila mtu anajua jambo fulani ila hakuna anayelitaja. Linganisha na Dracula wa Bram Stoker, riwaya ya mwaka 1897. Huyo ana jina, ana kasri, ana kaburi analolala, na mwishowe anauawa kwa visu. Ukimmaliza yeye umemaliza shida. Kijijini utammaliza nani? Wote wamo.

Adam Scovell, Mwingereza aliyeandika kitabu kizima juu ya aina hii mwaka 2017, anaiona kama mnyororo wa pete nne: mandhari, kutengwa, imani iliyopinda, na mwisho tukio lenyewe, mara nyingi kafara. Pete ya tatu ndiyo inayonikwaza. Nani kasema imepinda? Mwandishi akishaicheka imani ya kijiji, msomaji naye anaicheka, na hofu inaondoka hapo hapo.

Sasa simba mtu. Kusini, simba akila watu mfululizo, wapo wanaosema huyo si simba wa porini, ni wa kutumwa, au ni mtu aliyejigeuza. Na simba wenyewe si hadithi. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 560, na ukanda huu wa kusini mashariki uliumia sana. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno. Sababu ni nguruwe pori: wanaingia mashambani, mkulima analazimika kulala shambani kuamia mazao, na simba anayewafuata nguruwe anamkuta yeye. Mwaka 2011 watafiti hao wakaonyesha jambo jingine, kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi unachelewa kutoka na saa za mwanzo za usiku zinakuwa giza tupu. Mtunzi gani angebuni kalenda nzuri kuliko hiyo?

Tazama inavyoweza kuandikwa. Baba na mjomba wanaamia mashamba yanayopakana, kila mtu juu ya dungu lake. Usingizi ukiwazidi, mmoja anaita na mwingine anaitika. Usiku mmoja, mwezi bado haujatoka, baba anaita. Mjomba anaitika kwa sauti yake ile ile ya siku zote. Ila sauti haitoki juu dunguni, inatoka chini, katikati ya mtama. Asubuhi mjomba yupo, anakunywa uji. Baba anamuuliza, "Shemeji, jana usiku ulishuka?" Mjomba hajibu. Wanawake waliokuwa wakitwanga wanasimamisha michi, na mzee mmoja anamwambia baba taratibu kwamba maswali mengine hayaulizwi mbele ya watoto.

Hakuna tone la damu hapo, na mwenye kutisha zaidi ni yule mzee. Msomaji naye amebaki njia panda: ni simba, ni mjomba, au baba alisinzia akaota? Mhakiki wa fasihi Tzvetan Todorov aliandika mwaka 1970 kwamba fantasia inaishi ndani ya kusita huko huko, na msomaji akishapewa jibu, inageuka kitu kingine. Ndicho kinachotokea katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla: mahali panapoogopwa panapatikana maiti, halafu Bwana Msa anafumbua fumbo kwa akili. Riwaya tamu sana, lakini ni ya upelelezi.

Makubaliano ya kukaa kimya tunayajua hata kwenye ngoma. Lipiko, yaani mcheza ngoma wa kinyago wa Wamakonde, anatoka amefunikwa gubigubi, kinyago kimevikwa kichwani, pengine kimebandikwa nywele za binadamu, na mwili hauonekani hata ngozi ya kidole. Kwa desturi, ambaye hajapitia jando hatakiwi kujua kwamba ndani yupo mtu. Watu wazima wangapi wanamtambua jirani yao kwa mwendo wake, na wanakimbia pamoja na watoto? Sisemi ngoma hiyo ni ya kutisha, ni sherehe. Nasema mtunzi aliyekulia Newala au Tandahimba hahitaji kufundishwa jinsi siri ya wengi inavyotunzwa.

Ila kuna pa kujihadhari. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Muidumbe, Msumbiji, simba waliua watu mwaka 2002 na 2003, na waliotuhumiwa kuwatuma wakauawa na wananchi wenzao. Kwa hiyo ukiandika simba mtu, usimpe sura ya bibi kizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake. Uwongo huo umeshaua watu. Weka uzito kwa wanaonyoosha kidole, maana hofu ya kweli iko upande wao.

Tatizo la simulizi zetu za vipande ni biashara yake. Kila kipande kinadai mshtuko mpya, na kufika sehemu ya ishirini mtunzi amekwisha kumleta mganga aeleze nani alimnunua simba, wapi na kwa bei gani. Hadithi ya aina hii ingefaa vipande vitano au sita, vyote vilipiwe mwanzoni, ili mtunzi asilazimike kumtoa mjomba mafichoni kwa ajili ya nauli ya kesho.