Damu ni ya kundi lilelile, mbona haipatani? Maswali na majibu kuhusu kuondoa otoantibodi kwenye sampuli

Baba yangu ni kundi O, na benki ya damu ina uniti za O. Kwa nini maabara wanasema hazipatani naye?

Makundi ya A, B, AB na O, pamoja na Rh chanya au hasi, ni mwanzo tu. Chembe nyekundu ina zaidi ya antijeni 300, yaani alama zilizo juu yake, zinazotambuliwa na wataalamu. Kabla mgonjwa hajaongezewa damu, maabara huchukua plazma yake, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, na kuichanganya na chembe za mchangiaji kuona kama zitashikana. Kwa wagonjwa wengi hazishikani, na uniti inatolewa. Lakini yupo mgonjwa ambaye plazma yake hushikana na chembe za kila mtu, hata zake mwenyewe. Mtaalamu akijaribu uniti kumi, zote kumi zinagoma. Mgonjwa huyo ana otoantibodi, yaani kingamwili zilizougeukia mwili uliozitengeneza.

Zinatoka wapi?

Wengine hazipatikani sababu. Wengine wana lupasi, saratani ya tezi za limfu au VVU. Wenye selimundu walioongezewa damu mara nyingi nao huweza kuzipata. Dawa pia zimo: methyldopa, ambayo wajawazito wengi wenye shinikizo la damu huku kwetu hupewa, inaweza kuamsha otoantibodi kwa baadhi ya watu wanaoitumia muda mrefu.

Kinachozigundua ni kipimo cha Coombs, kilichoelezwa mwaka 1945 na Robin Coombs, Arthur Mourant na Robert Race huko Uingereza. Kikitoka chanya, haimaanishi moja kwa moja kwamba chembe zinavunjwa. Wapo watu wenye kipimo chanya na afya njema. Zinapovunjwa kweli, mgonjwa huchoka na kupauka, macho huwa ya manjano, na wengine hukojoa mkojo mweusi.

Kama zinashika damu ya kila mtu, si zipuuzwe tu apewe?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote. Otoantibodi zenyewe hazimtishi sana mtaalamu wa benki ya damu. Anachoogopa ni kilichojificha chini yake.

Mtu aliyewahi kuongezewa damu, au mama aliyebeba mimba, anaweza kuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya antijeni za watu wengine. Hizi huitwa aloantibodi. Akipewa damu yenye antijeni hiyo, chembe alizoongezewa huvunjwa, pengine siku chache hadi wiki mbili baadaye, wakati amesharuhusiwa kwenda nyumbani. Kingamwili za kundi la Kidd, kundi jingine la damu mbali na ABO na Rh, zinajulikana kwa tabia hii: hupungua hadi zisionekane kwenye kipimo, kisha mtu akiongezewa damu zinarudi kwa kasi. Tafiti mbalimbali za wagonjwa wenye otoantibodi zimekuta aloantibodi kwa asilimia kati ya 12 na 40. Hao ni wengi mno kuachiwa bahati.

Kuzitafuta aloantibodi huku otoantibodi zikiwa bado zimo ni sawa na kumsikiliza anayenong'ona huku ngoma ya harusi inapigwa. Lazima ngoma inyamaze kwanza.

Inanyamazishwaje?

Kwa kuzipa otoantibodi chembe za kushika, kisha kuziondoa pamoja na chembe hizo. Maabara huita kazi hii adsopsheni. Njia bora hutumia chembe za mgonjwa mwenyewe. Tatizo ni kwamba chembe hizo tayari zimejaa otoantibodi, hazina nafasi ya kubeba nyingine. Kwa hiyo huoshwa, kisha huachanishwa na mzigo huo kwa joto au kwa dawa maalumu. Moja ya dawa hizo ina papaini, kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai bichi.

Chembe zikiwa tayari, huchanganywa na plazma kwa kiasi sawa na kuwekwa kwenye nyuzi 37 kwa dakika 30 hadi 60. Mchanganyiko huzungushwa kwenye mashine, chembe zinatua chini zikiwa zimebeba otoantibodi, na plazma inahamishiwa kwenye chembe mpya. Mara mbili au tatu hutosha kwa wengi. Ikizidishwa, plazma huchujuka na aloantibodi dhaifu inaweza kupotea. Mwisho, plazma iliyosafishwa hupimwa: ikishika chembe fulani tu na kuacha nyingine, aloantibodi imejitokeza na sasa inatafutwa damu isiyo na antijeni yake. Ndiyo maana majibu huchukua saa nyingi na sampuli huhitajika kubwa. Ndugu wanaolalamika dirishani wana haki ya kuelezwa hivyo.

Kwa nini wanauliza kila mara aliongezewa damu lini?

Kwa sababu jibu hilo huchagua njia. Chembe za mchangiaji huweza kuishi mwilini hadi siku 120 hivi. Kama baba aliongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita, sampuli yake ina chembe zake na za watu wengine. Ukizitumia, zile za mchangiaji zitashika aloantibodi na kuondoka nayo. Kipimo kitatoka safi, kumbe kimefutwa ushahidi.

Hapo hutumika chembe za wachangiaji zinazojulikana antijeni zake. Plazma hugawanywa, mara nyingi sehemu tatu, na kila sehemu hupewa chembe za aina yake. Chembe isiyo na antijeni ya Kidd, kwa mfano, itabeba otoantibodi lakini itaiacha aloantibodi ya Kidd ndani ya plazma. Njia hii ina udhaifu mmoja: aloantibodi dhidi ya antijeni ambayo karibu watu wote wanayo itabebwa na kila chembe, na haitaonekana.

Vipi otoantibodi za baridi?

Hizo hufanya kazi zaidi damu inapopoa. Mara nyingi inatosha sampuli kusafirishwa ikiwa na joto la mwili na kupimwa kwenye nyuzi 37. Zikiwa kali, adsopsheni hufanywa kwenye nyuzi 4.

Baada ya hapo baba amepona?

Hapana. Otoantibodi zimeondolewa kwenye mrija wa maabara, si mwilini. Ugonjwa wenyewe hutibiwa na daktari, kwa kawaida akianza na dawa kama prednisolone.

Na damu atakayopewa itapatana?

Na plazma iliyosafishwa, ndiyo. Na plazma yake halisi bado itashika, na hilo linakubalika mradi aloantibodi zimetafutwa. Nisichokubaliana nacho ni desturi ya kupima uniti nyingi na kuchagua iliyoshika kidogo kuliko zote, bila adsopsheni, na kuiita salama. Kushika kidogo hakusemi lolote kuhusu aloantibodi iliyojificha.

Hata hivyo, mgonjwa ambaye maisha yake yako hatarini kwa upungufu wa damu hasubirishwi hadi afe kwa sababu kipimo hakijakamilika. Daktari na benki ya damu hukubaliana, mgonjwa hupewa damu taratibu, na muuguzi humwangalia kwa karibu.

Hospitali yetu ya wilaya haina vifaa hivyo.

Kutumia chembe za mgonjwa mwenyewe hakuhitaji mengi: mashine ya kuzungusha, chombo cha maji ya moto chenye kipimajoto, na mtu aliyefundishwa. Kinachokosekana zaidi ni chembe zilizopimwa antijeni, na kwa hizo sampuli hupelekwa maabara kubwa. Ombi langu kwa wahudumu ni moja: chukueni sampuli hiyo kabla ya uniti ya kwanza kuingia.

Nanyi ndugu, mwambieni daktari mapema kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu, wapi na lini, mimba alizobeba hata zilizoharibika, na dawa zote anazotumia. Mwenye saratani ya mayeloma anayepewa daratumumab aitaje kwa jina, maana dawa hiyo nayo hufanya plazma ishike chembe za kila mtu, lakini maabara huishughulikia kwa njia tofauti kabisa.