Mchanganyiko wa Kiingereza kwenye Kiko: Ni Nini, na Unaonjwaje

Mchanganyiko wa Kiingereza ni tumbaku ya kiko iliyojengwa kwa majani ya aina tatu: Virginia, majani ya Mashariki ambayo wengine huyaita ya Kituruki, na Latakia. Wapo wachanganyaji wanaotia kidogo majani mengine kama Perique au Burley, lakini hayo ni ya pembeni. Hakuna vanila ndani yake, hakuna cheri wala asali. Kila ladha utakayoikuta imetoka kwenye jani na namna lilivyokaushwa, na hapo ndipo mtu wa Arua, Hoima au Kanungu hapa Uganda, aliyelipiwa ada ya shule kwa pesa za tumbaku, anapokuwa mbele ya wengi bila kujijua. Tangu utotoni anajua kwamba banda la kukaushia ndilo linaloamua jani litakuwa kitu gani.

Uingereza imeingia kwenye jina kwa sababu ya wachanganyaji wa London. Majani yenyewe yalitoka Marekani, Ugiriki, Uturuki na Syria; wao waliyanunua, wakayapima na kuyachanganya. Anayetajwa zaidi ni Alfred Dunhill, aliyefungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke Street mwaka 1907 na kumchanganyia kila mteja alivyotaka mwenyewe. Kuna sababu nyingine, nayo ni ya ushuru. Tumbaku ilitozwa kwa uzito, na mfanyabiashara akiongeza sukari au molasi anauza uzito ambao serikali haikuutoza. Kwa hiyo kwa miaka mingi sheria za huko zilibana sana kinachoweza kutiwa kwenye tumbaku, na mchanganyaji aliyetaka ladha akalazimika kuitafuta kwenye majani.

Hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku tumbaku zenye vionjo, pamoja na shisha. Inakataza pia kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21, na kuvuta katika maeneo ya umma au ndani ya mita 50 kutoka hapo. Basi anayeonja aonje uani kwake, mbali na watoto, na asijidanganye kwamba kiko kina usalama ambao sigara haina. Moshi wa kiko hata usipofika mapafuni huleta saratani ya mdomo na ya koo.

Turudi kwenye majani.

Virginia hukaushwa kwa joto linalopita kwenye mabomba, na moshi wa kuni haugusi jani kabisa. Wakulima wa West Nile, eneo la Arua, wanaijua kazi hii kuliko mimi. Mwanzoni joto huwekwa chini, nyuzijoto 35 hadi 40 hivi, na jani bado liko hai. Wanga uliomo hugeuka sukari huku rangi ikitoka kijani kwenda manjano. Ikifika hapo joto linapandishwa hatua kwa hatua, mpaka nyuzi 70 hivi, ili uti wa jani nao ukauke. Jani linakufa kabla halijaila sukari yake yote. Burley ni kinyume: hutundikwa kivulini kwa wiki kadhaa, na muda wote huo linaendelea kujila, mpaka sukari inakaribia kwisha. Ndiyo maana Virginia kwenye kiko ina utamu: ile ya manjano inakumbusha nyasi kavu na ganda la ndimu, nyekundu inaelekea kwenye mkate na matunda yaliyokaushwa. Kwenye mchanganyiko wa Kiingereza, Virginia ndiyo msingi. Ikiwa mbovu, hakuna jani litakaloiokoa.

Majani ya Mashariki ni madogo sana, mengine hayazidi kiganja cha mtoto. Hupandwa kwa kubanana kwenye ardhi kavu yenye mawe, huko Ugiriki, Uturuki na nchi za jirani, kisha hukaushwa juani yakiwa yametungwa kwenye uzi. Shida ya ardhi ile ndiyo inayoyapa utomvu na harufu kali. Utakutana na majina kama Izmir, Samsun na Basma. Yana uchachu kidogo, yana viungo, mengine yananukia kama ubani. Mvutaji mgeni huwa hayatambui, kwa sababu hayapigi kelele. Kazi yao ni kuunganisha utamu wa Virginia na moshi wa Latakia visiachane kinywani.

Latakia ndiyo inayopiga kelele. Jina ni la bandari ya Syria, ingawa siku hizi inayopatikana sokoni ni ya Kupro. Ile ya Syria ilipungua kadiri misitu ilivyozidi kukatwa kwa ajili ya kuni za kuikaushia, mpaka ikatoweka madukani. (Sisi tuliozoea kuona vilima vya West Nile vikibaki vipara kwa sababu ya mabanda ya tumbaku hatuna haja ya kuelezwa zaidi.) Latakia huanza kama jani la Mashariki la kawaida lililokaushwa juani. Kisha huningʼinizwa ndani ya nyumba iliyofungwa na kufukizwa moshi kwa wiki nyingi, kwa kuni na vichaka vyenye harufu kama misonobari na mihadasi. Linatoka jeusi. Ukitaka kuielewa harufu yake bila kuwasha chochote, nusa samaki wa Panyimur, kando ya Ziwa Albert, aliyekaushwa kwa moshi, kisha mwondoe samaki kichwani mwako ubaki na moshi peke yake.

Mzee mmoja wa Kinubi pale Arua, aliyefanya kazi ya kupanga gredi za majani kwa miaka mingi, nilimwekea chembe za Latakia kiganjani. Hakuuliza jina. Alizisugua kwa kidole gumba, akanusa, akazigeuza, akanusa tena.

“Hii haikukauka kwa bomba, mwanangu,” akasema. “Hii imekaa juu ya moto wenyewe.”

“Moto wa kuni gani, mzee?”

“Kuni zenye utomvu. Si za huku.”

Hajawahi kuvuta mchanganyiko wa Kiingereza maishani mwake. Alilisoma banda kwenye jani, na hiyo ndiyo robo tatu ya kazi ya kuonja.

Sasa kuna kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, nalo ni kuchanganya ladha na nguvu. Mtu anafungua kopo, moshi wa Latakia unampiga usoni, anasema tumbaku hii ni kali. Latakia haina nikotini nyingi. Majani ya Mashariki nayo vivyo hivyo. Ladha inaweza kujaa kinywa kizima huku nguvu ikiwa ya chini, na mchanganyiko wenye harufu ya upole ukakutoa jasho baridi. Kwa hiyo anayetathmini hutenganisha mambo matatu. Ladha ni kile unachokitambua kinywani na puani. Uzito ni namna moshi unavyokaa kinywani, kama ni mwembamba au unajaa. Nguvu ni nikotini, na hiyo huijui kwa ulimi: unaijua kwa kwikwi, kizunguzungu, tumbo kuchafuka. Nikotini hupita kwenye ngozi laini ya mdomo, hata kwa asiyevuta moshi hadi kifuani. Tathmini isiyotenganisha mambo haya matatu mimi siisomi mpaka mwisho.

Kuonja kwenyewe huanza kabla ya moto. Kopo likifunguliwa, harufu ya kwanza ina udanganyifu wake, kwa sababu tumbaku imefungiwa na gesi zake; iache ipumue kidogo, kisha unuse tena. Moshi utapungua, na chini yake uchachu wa majani ya Mashariki utaanza kusikika. Tazama rangi: nyeusi ni Latakia, manjano na nyekundu ni Virginia, yenye ukijani kidogo mara nyingi ni ya Mashariki. Kopo jeusi tupu linakuonya kwamba mchanganyaji ameegemea moshi.

Halafu unyevu. Chukua tumbaku kidogo, ibane kati ya vidole, iachie. Ikibaki donge, ina maji mengi mno. Itazimika kila dakika, na mvuke wake utakuunguza ulimi. Ikivunjika kama majani makavu ya nyasi, imekauka na ladha imepungua. Inayofaa hufumuka polepole. Kampala, karibu na ziwa, unaweza kuitandaza mezani ukaisahau kwa muda. Arua mwezi wa Januari usithubutu, utarudi ukute ugoro.

Kiko nacho kina kumbukumbu. Kilichozoea tumbaku ya vanila kitaitia vanila kila kitu, na kilichozoea Latakia hakisahau. Wanaoonja kwa makini hutenga kiko cha Latakia peke yake, au hutumia cha udongo, ambacho hakiongezi ladha yake. Vile viko vya udongo ambavyo wazee wa kaskazini wameviweka miaka yote vinafaa kabisa kwa kazi hii, ila kichwa chake huwa cha moto, ukishike kwa uangalifu. Kinywa kiwe safi: maji ya kawaida, hakuna pilipili wala waragi kabla. Na uonje mchanganyiko mmoja kwa siku. Wa pili utauonja kwa ulimi uliochoka.

Jaza bila kushindilia sana; hewa ipite kama unavyonyonya soda kwa mrija. Moto wa kwanza ni wa kuchoma juu tu. Majani hufura, unayalaza taratibu, kisha unawasha tena, na huo ndio moto wa kweli. Usihesabu ladha ya dakika za mwanzo, nyingi ni kiberiti. Kuanzia hapo ni mwendo wa polepole. Anayepuliza kama mhunzi hapati chochote ila joto, na joto huifuta Virginia kwanza. Ulimi ukianza kuwasha usiilaumu tumbaku mara moja. Punguza mwendo, uone kama utatulia.

Theluthi ya kwanza ya kiko ni ya Latakia: moshi, ngozi ya viatu vipya, pengine udi. Katikati ndipo penye mtihani. Kinywa kimezoea moshi, na majani mengine yanapata nafasi. Mchanganyiko mzuri hapo hubadilika: uchachu unatokea, utamu wa Virginia unapanda na kushuka, mvuto mmoja haufanani na uliopita. Pitisha moshi kidogo sana puani, ukiutoa tu, na utasikia viungo ambavyo ulimi hauwezi kuvisikia. Kama kuna Perique, itakuchoma hapo kama pilipili manga. Jani hilo hutoka St. James Parish, Louisiana, na hubanwa kwenye mapipa likachacha kwa maji yake yenyewe. Mchanganyiko dhaifu hubaki moshi, moshi, moshi. Wengi husifu moshi huo kwa sababu ni rahisi kuutambua. Kwangu ni dalili ya mchanganyaji aliyeificha Virginia ya bei nafuu chini ya blanketi jeusi.

Theluthi ya mwisho huwa nzito, kwa kuwa unyevu na nikotini vimekusanyika chini. Ikigeuka chungu, acha. Kumaliza kiko si sharti la tathmini. Angalia majivu yaliyobaki: meupe na makavu yanasema iliungua vizuri, donge la maji linasema ilijazwa mbichi au ilivutwa kwa pupa.

Utakutana pia na jina la Balkani. Ni mchanganyiko wa familia hiyohiyo, ila majani ya Mashariki ndiyo yanayoongoza na Latakia inafuata nyuma. Mpaka kati ya hizo mbili hauna mkaguzi. Kila mchanganyaji anauchora anapotaka.

Katika kuandika ulichokionja, tumia vitu ulivyowahi kuvinusa. Nimesoma tathmini za watu wa Kampala zilizojaa matunda ya nchi za theluji ambayo mwandishi hajawahi kuyaona hata kwenye friji ya supamaketi. Tuna tende, ukwaju, magome ya mti uliokatwa leo, ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, kahawa ya Bugisu ikikaangwa. Msomaji wa hapa ataelewa mara moja. Andika pia harufu inayobaki chumbani, maana asiyevuta ndiye anayeibeba. Latakia haina marafiki wengi upande huo. Majirani hudhani umechoma jozi ya viatu.

Na uandike kopo lilikuwa la mwaka gani. Virginia ikifungwa vizuri huzidi kuwa laini na tamu kadiri miaka inavyopita, lakini Latakia hufifia. Mchanganyiko ambao mwaka huu ni wa moshi mtupu, ukifunguliwa miaka kumi baadaye unaweza kuwa wa Virginia na majani ya Mashariki, moshi ukisikika kwa mbali tu. Watu wawili wanaobishana kuhusu kopo lenye jina moja mara nyingi wanazungumzia tumbaku mbili.