Usanisinuru na upumuaji wa seli: weka jedwali pembeni kwanza

Swali la kulinganisha usanisinuru (mmea kutengeneza sukari kwa nishati ya mwanga) na upumuaji wa seli (seli kuvunja chakula ili kupata nishati) halikosekani kwenye mitihani, na majibu mengi ninayosahihisha yana sura ileile: mstari wima katikati ya karatasi, kushoto "hutumia hewa ya ukaa", kulia "hutoa hewa ya ukaa", hivyo hivyo hadi chini. Si uongo. Ila jedwali hilo humfanya mwanafunzi aamini kwamba mchakato mmoja ni ule mwingine uliogeuzwa kinyumenyume, na akiulizwa swali la ndani kidogo tu, anakwama.

Ifuate oksijeni. Oksijeni inayotoka kwenye jani hutokana na maji, si hewa ya ukaa. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, pamoja na wenzao huko California, waliupa mwani maji yenye oksijeni-18, ambayo ni nzito kuliko ya kawaida, wakaikuta kwenye gesi iliyotolewa. Kwenye upumuaji nako, oksijeni tunayovuta haigeuki kuwa hewa ya ukaa tunayotoa. Hupokea elektroni mwisho kabisa wa safari ya elektroni hizo ndani ya mitokondria, sehemu ya seli inayofanya upumuaji, ikaungana na ioni za haidrojeni, ikawa maji. Hewa ya ukaa imeshatoka mapema, piruveti, kipande cha glukosi iliyokatwa, inapovunjwa na kwenye mzunguko wa Krebs, yaani hatua za kumalizia kukivunja. Kwa hiyo kloroplasti, sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, hupasua maji, na mitokondria huyaunda. Andika hivyo, msahihishaji ataona umeelewa.

Kufanana ndiko wengi wanakopotezea alama. Pande zote mbili, elektroni hupita kwenye mlolongo wa protini zilizopachikwa katika utando, na nishati yake husukuma ioni za haidrojeni zirundikane upande mmoja. Zikirudi kupitia kimeng'enya cha ATP sintasi, ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hutengenezwa, kama maji ya bwawa la Kidatu yanavyozungusha mitambo ya umeme. Peter Mitchell alilitoa wazo hili mwaka 1961, akabishiwa kwa miaka mingi, na mwaka 1978 akapewa tuzo ya Nobel.

Tofauti sasa zinakuja zenyewe. Kwenye kloroplasti, nishati ni ya mwanga, elektroni zinatoka kwenye maji na kuishia kwa NADP, molekuli inayobeba elektroni, na ioni hurundikana ndani ya tilakoidi, vifuko vidogo vya utando. Kwenye mitokondria, elektroni zinatoka kwenye chakula, zinaletwa na wabebaji wengine, NAD na FAD, zinaishia kwa oksijeni, na ioni hurundikana kati ya tando mbili. Glaikolisisi yenyewe, yaani hatua ya kwanza ya kukata glukosi, hufanyika nje ya mitokondria, kwenye saitoplazimu, wala haihitaji oksijeni. Kuhusu idadi ya ATP kwa glukosi moja, vitabu vya zamani vina 36 au 38, vipya 30 hadi 32; fuata mtaala wako, usigombane na mtu.

ATP ya kloroplasti kwa sehemu kubwa huishia humohumo, kwenye kutengeneza sukari. Ndiyo maana jani lenye kloroplasti tele bado linahitaji mitokondria, mchana na usiku. Habari ya kwamba mimea hupumua usiku tu ifutwe kabisa.

Hili linaonekana kwa macho. Chukua mirija ya majaribio yenye kiashiria cha haidrojenikabonati, ambacho ni chekundu. Ning'iniza jani bichi la mchicha juu ya kiashiria bila kukigusa, mrija mmoja uache bila jani, mmoja ufunge foili, mwingine uzungushie shashi ya kupunguza mwanga, ziba yote, weka juani. Mrija wenye jani usiofunikwa hugeuka zambarau kwa sababu hewa ya ukaa imepungua. Uliofungwa karatasi ya foili hugeuka njano. Uliozungushiwa shashi unaweza kubaki mwekundu, sawa na ule usio na jani. Mwenye haraka atasema jani la kwenye shashi limesimama kazi. Halijasimama: hewa ya ukaa yote inayotolewa na mitokondria inamezwa na kloroplasti.

Hapo ndipo hesabu za grafu zinapotegea watu. Jani likitoa sentimita za ujazo 2 za hewa ya ukaa kwa saa gizani, na mwangani likavuta 8 kutoka nje, kasi halisi ya usanisinuru ni 10, kwa kuchukulia kwamba kasi ya upumuaji haijabadilika. Zile 2 zimetumika bila hata kutoka nje ya jani.