Kupinga shtaka la kutupa taka: maana yake na njia zake

Kupinga shtaka la kutupa taka ni kumtaka anayekulaumu athibitishe, mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua, kwamba taka zilikuwa zako, kwamba ni wewe uliyezitupa au uliyezitoa zikatupwe, na kwamba karatasi uliyopewa imeandikwa kama sheria inavyotaka. Taka zenyewe zinaweza kuwa zipo, zinanuka, na kila mpita njia anaziona, na bado ukawa na haki ya kupinga.

Mombasa jambo hili huwapata watu wengi kuliko wanavyodhani, kwa sababu ya namna taka zinavyosafiri. Mwenye duka Bondeni au mwenye hoteli ndogo Kongowea haendi jaani mwenyewe. Humpa kijana wa mkokoteni au tuktuk shilingi kadhaa, na huko mbele hajui kama mzigo ulifika jaa la Mwakirunge au uliishia kwenye mikoko kandokando ya maji. Siku afisa akifukua rundo na kukuta maboksi na risiti zenye jina la duka, atabisha hodi dukani. Mkokoteni haujulikani uliko.

Kabla ya kusema lolote, soma karatasi uliyopewa, kwani njia ya kupinga hutegemea imetoka wapi. Watu wengi hushindwa hapa, maana humlilia afisa wa kaunti kwa jambo lililoko NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira, au hungoja tarehe ya mahakama ambayo haipo, huku siku zinakwisha.

Ikiwa ni notisi ya afisa wa afya, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, hiyo inakutaka uondoe uchafu kwa muda uliotajwa. Kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa ni ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hivyo notisi kama hizi ndizo za kawaida mitaani. Bado hujashtakiwa. Ukipuuza, ndipo unapopelekwa kwa hakimu. Kwa maoni yangu, notisi ya namna hii ikihusu kichochoro cha nyuma ya nyumba yako, safisha, piga picha, andika barua kwamba umesafisha bila kukubali kwamba taka zilikuwa zako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kesi ni ghali kuliko fagio.

Ikiwa imetoka NEMA, huenda ni amri ya kurejesha mazingira, inayotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999. Amri hii ina masharti. Lazima itaje shughuli inayolalamikiwa, itaje inamwelekea nani, inaanza lini, unatakiwa ufanye nini na kwa muda gani, na lazima ikueleze kwamba una haki ya kukata rufaa. Amri iliyosema tu “ondoa taka mara moja” bila kutaja mahali wala mtu ina kasoro, na kasoro hiyo ni hoja.

Hapa una milango miwili. Ndani ya siku 21 tangu upokee amri, unaweza kuiandikia NEMA na kuomba iifikirie upya, ukieleza sababu zako. Mtego uko hapa: amri inaendelea kufanya kazi mpaka NEMA yenyewe iibadilishe, iisimamishe au iiondoe. Barua yako haiisimamishi. Mlango wa pili ni rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Usiporidhika na uamuzi wa jopo, unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo Mombasa ipo.

Karatasi ya tatu ndiyo nzito: hati ya mashtaka, au dhamana inayokutaka ufike mahakamani siku fulani. Hapo ni kesi ya jinai, na kupinga maana yake ni kukana shtaka unaposomewa. Wengi hukiri ili walipe faini warudi kazini mchana huohuo. Wajue wanachokiacha. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, aliyekiri mbele ya hakimu hawezi kukata rufaa juu ya hatia yake. Anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Tena adhabu huenda isiwe faini tu, kwani mahakama inaweza kukuamuru pia kusafisha palipochafuliwa kwa gharama yako.

Ukikana, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa shtaka kwa kina cha kutosha, kupata muda wa kujiandaa, na kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumika. Uombe. Je, picha ilipigwa wapi na nani? Picha ya simu ni ushahidi wa kielektroniki, na sheria ya ushahidi inataka iambatane na cheti. Je, risiti yenye jina la duka inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba karatasi ilitoka dukani kwako. Hiyo ni dalili, na haijasema nani aliyeimwaga ufuoni.

Lakini usijidanganye kwamba kumtaja kijana wa mkokoteni kunatosha. Ile sheria ya mazingira ya 1999 inasema mwajiri au aliyemtuma mtu anabeba kosa la huyo aliyetumwa, isipokuwa athibitishe kwamba lilitendwa kinyume cha maagizo yake ya wazi. “Sikujua” haisaidii hapo. Kinachosaidia ni maandishi: mkataba na mzoaji mwenye leseni ya NEMA, risiti za malipo, ujumbe wa simu uliomwambia taka zipelekwe Mwakirunge. Aliyekuwa akilipa mkononi kila jioni bila karatasi ana kazi ngumu, hata kama anasema kweli.

Kuhusu zile pesa anazodai askari wa kaunti pale pale barabarani, “tumalizane”: pesa za mkononi zisizo na risiti rasmi si faini. Hazifuti notisi, hazifungi kesi, na kesho afisa mwingine anaweza kuja na karatasi ileile. Muulize kosa ni chini ya sheria gani na uombe liandikwe.

Karatasi yoyote ukipewa, andika na wewe pembeni tarehe na saa uliyoipokea, kwa sababu ikiwa ni amri ya NEMA, siku 21 na siku 60 huanza kuhesabika kutoka hapo.