Mgunda Mkali Haukuwa Dodoma

Nimekutana tena, katika maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wageni wanaohamia makao makuu, na dai kwamba misafara ya zamani iliiita Dodoma na nchi yote ya Wagogo "Mgunda Mkali" kwa sababu ya jua na ukame wake. Kazi yangu ni kufuatilia majina ya mahali katika njia ya kati ya misafara, na dai hili nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba naona ni afadhali niliandikie mahali pamoja. Si kosa dogo, kwa kuwa linahamisha jina kutoka nchi moja hadi nyingine, na linawafuta wakulima katika nchi iliyojaa wakulima.

Njia yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Msafara uliotoka Bagamoyo ulifika Mpwapwa, ukaiacha Chunyo, ukavuka nyika ya Marenga Makali, kisha ukaingia Ugogo. Huko ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, ukakata bonde la Bahi, ukaupanda ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde, na hapo juu ndipo Mgunda Mkali ulipoanza. Uliendelea kuelekea magharibi hadi karibu na Tura, kwenye mlango wa Unyanyembe, nchi ya Tabora. Mtu aliyesimama mahali ilipo Dodoma leo alikuwa na safari ya siku kadhaa kabla hajaufikia.

Wengine huchanganya majina haya mawili kwa sababu ya mzizi mmoja, -kali, na hapa naomba msomaji atulie nami. Marenga ni maji, na ukali wake ulionjwa kwa ulimi: maji ya chumvichumvi. Mgunda ni shamba, kwa Wanyamwezi na kwa Wagogo vilevile, na shamba halionjwi. Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857 pamoja na John Speke, aliwafasiria wasomaji wake wa Uingereza kwamba jina hilo maana yake ni shamba la moto, na tangu hapo moto huo haujazimika. Waandishi wetu wanausoma kwa Kiingereza, wanaurudisha katika Kiswahili, kisha wanautafutia jua la kuueleza. Lakini Kiswahili kinasema siki kali, kisu kikali, mbwa mkali, baba mkali, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowaka. Mgunda Mkali ni shamba lisilomhurumia mtu.

Wala haukuwa jangwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa msitu wa miombo na kile kichaka cha Itigi, ambacho miti yake ni mifupi na imesongamana hata mtu haoni hatua chache mbele. Ukali wake ulikuwa wa kukosa chakula cha kununua na kukosa maji ya uhakika, kwa maana madimbwi yaliyojaa wakati wa masika yalikauka kiangazi. Ndiyo sababu wapagazi walijaza vibuyu, wakatembea kwa mwendo wa alasiri walioujua kama telekeza, wakalala pasipo na maji, na kuyafikia kesho yake asubuhi kabla jua halijapanda. Mfanyabiashara aliyeingia humo bila kununua nafaka ya kutosha Ugogo aliwahatarisha watu wake. Tafakari basi: chakula cha kuvukia Mgunda Mkali kilitoka katika mashamba ya uwele na mtama ya Wagogo, nasi leo tunawabandika Wagogo jina la nyika iliyovukwa kwa chakula chao!

Kwa nini pori liitwe shamba? Hapa natoa maoni yangu, nami sidai kwamba yamethibitishwa. Wapagazi wengi walikuwa wakulima wa Unyamwezi waliopanga safari zao wakiyafikiria majira ya kilimo, na mkulima ndiye anayeweza kuliita shamba eneo linalomtoa jasho bila kumlisha. Hata hivyo jina linasikika vizuri pia kinywani mwa mtu wa pwani, na sarufi yake haituambii ni nani aliyelitamka kwanza.

Jambo la pili ambalo vitabu hulificha ni mipaka. Nimeona ramani zinazouchora Mgunda Mkali kwa mstari safi, kana kwamba ulikuwa wilaya. Nchi yenyewe ilikuwa na jina lake, Uyanzi, na ilikuwa na watu wake. Wakimbu walikuwa wakifyeka msitu na kujenga vijiji kando ya njia hata kabla Burton hajapita, na kila kijiji kilichouza chakula kiliupunguza ukali huo kwa kituo kimoja. Baadaye Nyungu ya Mawe, mtawala wa Kinyamwezi aliyefariki mwaka 1884, aliitiisha sehemu kubwa ya Ukimbu kwa jeshi la rugaruga, yaani wapiganaji wake wa kudumu, na hatari ya njia ikapata sura nyingine. Jina lilihusu hali ya safari kuliko ardhi, kwa hiyo lilitanuka kiangazi na kusinyaa masika, na mimi siwezi kulichorea mstari bila kudanganya.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Abiria aliyepita Manyoni na Itigi ndani ya behewa hakuhitaji tena kujua maji ya kesho yako wapi, na lakabu ikakosa kazi. Anayetaka kuitumia leo aitumie kwa nchi iliyo juu ya ukingo, kuelekea Tura, na kwa zama za wapagazi. Kwa Bahi, Dodoma na Mpwapwa, aandike Ugogo.