Hatari Ikipungua kwa Asilimia 31, Ni Asilimia ya Nini?

"Dawa hii inapunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 31." Kauli hiyo, kuhusu pravastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli (mafuta kwenye damu), ni sahihi. Inayopotosha ni ile inayoifuata, na siku hizi inasikika kila mahali, hata kwa watu waliosoma: "Yaani kati ya watu 100 wanaoitumia, 31 wanaokoka." Sivyo. Hawafiki 31, wala hawakaribii, na mgonjwa anayeelezwa hivyo anafanya uamuzi juu ya mwili wake kwa namba ambayo haipo.

Maana yenyewe ni fupi. Katika jaribio la kitabibu watu hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, na la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Baada ya muda huhesabiwa waliougua au kufariki kila upande. Ukitoa hatari ya kundi moja kwenye hatari ya lingine, unapata upungufu halisi. Ukiigawa tofauti hiyo kwa hatari ya wale wasiopewa dawa, unapata upungufu wa kiuwiano. Ni hesabu ya shule ya msingi.

Hiyo 31 ni ya kiuwiano. Ilitoka kwenye jaribio la pravastatini lililofanyika Uskoti, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1995. Washiriki walikuwa wanaume 6,595 wenye umri wa miaka 45 hadi 64, wenye kolesteroli nyingi lakini ambao hawakuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo. Kwa wasiopewa dawa, hatari ya kupata mshtuko au kufa kwa ugonjwa wa moyo ndani ya miaka 5 ilikuwa asilimia 7.9. Kwa waliopewa, ilikuwa 5.5. Tofauti ni 2.4, na 2.4 ukiigawa kwa 7.9 unapata kama 30 kwa mia, karibu sawa na ile 31 iliyotangazwa. Kwa hiyo ni asilimia 31 ya ile 7.9, si ya watu wote waliomeza vidonge. Ukitaka kuhesabu vichwa, wanaume kama 42 watumie dawa kwa miaka 5 ili mmoja wao aepushwe.

Mmoja kati ya 42 si kitu cha kubeza. Mbele ya mamilioni ya watu ni maisha mengi, na sisemi haya ili mtu yeyote aache dawa aliyoandikiwa. Ninachodai ni kwamba namba ya kiuwiano, ikisimama peke yake, haisemi chochote mpaka ujue mtu alianzia wapi.

Tazama dawa ndugu yake, simvastatini. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la nchi za Skandinavia lililohusu wagonjwa 4,444, wote wakiwa tayari na ugonjwa wa moyo. Upungufu wa kiuwiano wa matukio makubwa ya moyo ulikuwa asilimia 34, karibu sawa na wa Uskoti. Lakini hawa walianzia juu: asilimia 28 ya wasiopewa dawa walipatwa, dhidi ya 19 ya waliopewa. Hapo tofauti halisi ni 9. Familia ni moja ya dawa, asilimia ya tangazo ni karibu ileile, ila faida kwa mgonjwa ni zaidi ya mara tatu.

Aspirini inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Jaribio lililojulikana kama ISIS-2, la mwaka 1988, liliwapa aspirini kwa mwezi mmoja watu waliokuwa katikati ya mshtuko wa moyo. Ndani ya wiki 5, vifo vya moyo na mishipa vilishuka kutoka asilimia 11.8 hadi 9.4. Kiuwiano hiyo si 31 wala 34, ni kama 20 tu, na mtu anayelinganisha namba za matangazo angeiweka mwisho wa foleni. Ila tofauti halisi ni 2.4, sawa kabisa na ile ya Uskoti, na imepatikana kwa wiki 5 badala ya miaka 5. Tena hapa wanahesabiwa waliokufa pekee.

Halafu mpe aspirini hiyohiyo mtu asiyeumwa moyo. Jaribio la ASPREE, lililotangazwa mwaka 2018, liliwafuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wenye miaka 70 na zaidi, wasio na historia ya ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Dawa haikuleta punguzo la maana la magonjwa hayo, lakini kuvuja damu kwa hatari kulitokea kwa watu 8.6 katika kila 1,000 kwa mwaka, dhidi ya 6.2 kwa wasioitumia. Faida husinyaa kadiri hatari ya mwanzo inavyokuwa ndogo. Madhara hayasinyai nayo.

Kosa hili huumiza hata linapoelekea upande wa kutisha. Oktoba 1995, Uingereza, madaktari na umma walitahadharishwa kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili, yaani kutoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa kama 13,000. Nayo mimba huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Basi wenzangu mnaoandika na kutangaza habari za tiba, na ninyi wahudumu mnaowaeleza wagonjwa, ile 31 msiitupe. Iwekeeni tu mahali pa kuanzia na muda: kati ya wanaume 100 wa namna ile, wasiotumia dawa karibu 8 walipatwa ndani ya miaka 5, na waliotumia walipatwa 5 au 6.